Jamaa Tatu za Baruti

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kusomwa mbele ya watu barazani na shuleni.)



Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Katika mambo mengi ya dunia giza hilo humpotezea mtu mali yake au wakati wake tu. Lakini liko jambo ambalo kutolijua humpotezea mtu mkono, au macho, au roho yenyewe, nalo ni jambo la baruti na vitu vyote vya namna yake vitumiwavyo na majeshi.

Watu wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya askari peke yao, wala hayamhusu mchungaji, mkulima, mwanafunzi, wala fundi anunuaye vyuma chakavu. Wamekosea. Askari hufanya mazoezi, kisha huenda zake. Mchungaji ndiye abakiye pale pale na ng'ombe wake. Vita hupiganwa miaka minne au mitano, kisha amani hufanywa. Mkulima ndiye alimaye shamba lile kwa miaka mia baadaye. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue vitu hivi ni nini, vyafanyaje kazi, na kwa sababu gani chuma kilicholala kimya majanini kwa miaka mingi chaweza kuua leo.

MOTO NI MMOJA, HARAKA NDIYO TOFAUTI

Kwanza yafaa kufahamu moto. Kuni zikiwaka jikoni, mambo mawili hukutana: kitu kiwezacho kuwaka, yaani kuni, na ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Ukilifunika jiko lisipate hewa, moto hufa. Kila mama ajua jambo hili, hata kama hajapata kuingia darasani.

Baruti haihitaji hewa ya nje. Imechukua oksijeni yake ndani ya mwili wake, kama msafiri apitaye jangwani na kibuyu chake cha maji. Kwa sababu hiyo baruti huwaka hata ikifungwa ndani ya chuma, hata chini ya maji, hata mahali pasipo hewa kabisa. Tena huwaka upesi sana, kwa sababu haingoji hewa iifikie.

Hapa pana jambo la ajabu. Mtu akiuliza ni kipi chenye joto jingi zaidi, kilo moja ya unga wa mahindi au kilo moja ya kile kilipuzi mashuhuri cha jeshi kiitwacho TNT, wengi watajibu upesi kwamba ni TNT. Sivyo. Kilo ya unga wa mahindi, ikichomwa yote, hutoa joto zaidi ya mara tatu kuliko kilo ya TNT ilipukapo. Kuni kavu vile vile huishinda. Tofauti yao ni haraka. Kuni hutoa joto lake kwa saa nzima, na watu wakapika chakula. TNT hutoa joto lake kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na kitu kigumu hugeuka kuwa mvuke wa moto utakao nafasi kubwa kwa mara moja. Mvuke huo husukuma kila kilicho karibu, chuma hupasuka vipande vipande, na ukuta huanguka.

Ufunguo wa mazungumzo haya yote ndio huo. Jamaa tatu za baruti za jeshi hutofautiana kwa haraka yao na kwa kazi waliyopewa. Jamaa ya kwanza kazi yake ni kusukuma. Ya pili kazi yake ni kuvunja. Ya tatu kazi yake ni kutoa nuru, rangi, moshi au sauti.

JAMAA YA KWANZA: BARUTI YA KUSUKUMA

Baruti ya kwanza iliyojulikana ulimwenguni ilitengenezwa na Wachina zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ilikuwa nyeusi, nayo ilichanganywa kwa mkaa, kiberiti cha unga na shura. Mkaa ndio uwakao. Kiberiti husaidia moto ushike upesi. Shura ndiyo iliyobeba oksijeni. Maarifa hayo yalisafiri magharibi mpaka nchi za Waarabu na Ulaya, yakafika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na magobori na mizinga. Waswahili walipouona mdomo wa chuma kile waliuita mzinga, jina lile lile la gogo lililochongwa ndani ili nyuki wakae. Maana vyote viwili ni vitu virefu vyenye uwazi katikati, na vyote viwili havitaki kuchezewa.

Ndani ya bunduki au mzinga, baruti haitakiwi kulipuka kwa ukali wote. Ikilipuka hivyo itaupasua mtutu na kumwua mpigaji. Hutakiwa kuwaka kwa mpango, mvuke uongezeke na kuisukuma risasi mbele kwa nguvu isiyokatika mpaka itoke mdomoni. Wale wanaojua kuwasha moto wa kuni watafahamu jinsi mafundi wafanyavyo. Gogo zima huwaka polepole, lakini likipasuliwa vijiti vijiti huwaka kwa muda mfupi, kwa sababu moto hula kutoka nje kwenda ndani, na vijiti vina nje nyingi. Mafundi wa baruti ya kusukuma hufuata kanuni hiyo hiyo. Huifanya kuwa chembe ndogo, au nyuzi, au vipande virefu vyenye matundu, kila mtutu kwa kipimo chake.

Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa na aibu moja: ilitoa moshi mwingi mno, hata askari baada ya kupiga mara chache hakumwona adui, na adui alijua mahali alipo. Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu zaidi. Uingereza ilipata yake mwaka 1889, ikaitwa kordaiti, kwa kuwa ilifanana na nyuzi. Tangu hapo vita viligeuka, maana risasi ziliweza kwenda mbali zaidi na mpigaji asionekane.

Mtu afikaye Mombasa, penye Ngome ya Yesu, ataona mzinga wa meli ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Meli hiyo ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, ikaangamizwa mwezi Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu, wakaikokota bara kupigana nayo. Tazameni urefu wa mtutu ule. Urefu huo ndio nafasi ya baruti kufanya kazi yake ya kusukuma. Risasi husukumwa hatua kwa hatua mpaka kutoka, kama vile mtu amsukumaye mwenzake kwenye bembea kwa mkono uliotulia, asimpige kofi.

JAMAA YA PILI: BARUTI YA KUVUNJA

Jamaa ya pili ni kali kuliko ya kwanza, nayo ndiyo hasa iitwayo vilipuzi. Katika jamaa hii moto hauli kutoka nje kwenda ndani kama katika kuni. Mshindo wenyewe hupita ndani ya kitu, na kila upitapo hukigeuza kuwa mvuke papo hapo. Mshindo ndani ya TNT hupita kwa mwendo wa karibu kilomita saba kwa sekunde moja. Kama ingewezekana kutandaza kamba ya TNT kutoka Nairobi mpaka Thika, mlipuko ulioanza Nairobi ungefika Thika kwa muda wa kama sekunde saba tu. Ndiyo sababu jamaa hii haisukumi, bali huvunja.

Historia yake imejaa misiba. Mwaka 1847 Mwitaliano aitwaye Ascanio Sobrero alipata mafuta yaitwayo nitrogliserini, nayo yalikuwa hatari mno, hata kutikiswa tu yaliweza kulipuka. Alfred Nobel, mtu wa Sweden, alitaka kuyatumia kwa kupasulia miamba. Mwezi Septemba 1864 karakana yao ililipuka karibu na Stockholm, na mdogo wake Emil akafa pamoja na watu wengine. Nobel hakuacha kutafuta njia, na mwaka 1867 alipata hati ya baruti aliyoiita dainamaiti. Siri yake ilikuwa kuyanywesha mafuta yale katika udongo mweupe mwepesi unaotokana na maganda ya viumbe wadogo sana wa majini, ili yatulie. Udongo wa namna hiyo huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, ingawa huko hutumiwa kwa kazi nyingine za amani. Kwa dainamaiti watu walipasua milima wakapitisha reli na mifereji.

Majeshi lakini yalitaka kitu kitulivu zaidi. Kombora hutupwa kwa mshindo mkubwa mno ndani ya mzinga. Kilichomo ndani kikishtuka kwa mshindo huo, kitamwua mwenye kupiga. TNT ilipatikana Ujerumani mwaka 1863, na kwa miaka mingi hakuna aliyeijua kuwa silaha; ilitazamwa kama rangi ya manjano tu. Ilikuwa tulivu sana hata watu hawakutambua nguvu yake. Utulivu huo ndio uliowapendeza wakubwa wa majeshi baadaye. Huyeyuka kwa joto dogo kuliko la maji yachemkayo, kwa hiyo viwandani iliweza kumiminwa ndani ya kombora kama nta, ikagandia humo. Wajerumani walianza kuitia katika makombora yao mwaka 1902.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: ikiwa kilipuzi hicho ni kitulivu hivyo, chalipukaje kombora lifikapo kwa adui? Jibu lake ni kwamba ndani ya kombora mna mlolongo, kama watu waliopanga mstari wakipokezana mzigo. Mbele kabisa pana kiwashio, nacho ni chombo kama saa ndogo. Ndani yake mna fataki, yaani kilipuzi kidogo mno chenye hasira kali, kishtukacho kwa pigo dogo au cheche. Hicho hukishtua kilipuzi cha pili, kikubwa kidogo na chenye hasira kidogo. Cha pili hukishtua kile kikubwa kitulivu kilichojaza tumbo la kombora. Mdogo mwenye hasira humwamsha mkubwa aliyelala.

Ili fataki isishtuke njiani, mafundi huifungia mlango. Kombora likiwa bado sandukuni, mlango umefungwa, na mlolongo umekatika. Likishapigwa na kuruka hewani, mshindo wa mzinga na mzunguko wa kombora huufungua mlango, nao mlolongo ukakamilika. Jambo hili yafaa likumbukwe vizuri, kwa maana tutalirudia.

JAMAA YA TATU: BARUTI YA NURU, MOSHI NA ISHARA

Jamaa ya tatu wengi wameiona, kwa sababu ndiyo ya furaha. Fashifashi za sikukuu, za Diwali na za mwaka mpya, ambazo watu wa siku hizi huziita fataki pia, ni za jamaa hii. Hapa kusudi ni kuonekana au kusikika. Madini mbalimbali yakiwaka hutoa rangi mbalimbali: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani, sodiamu hutoa manjano, shaba hutoa buluu, na magnesiamu hutoa nuru nyeupe kali iumizayo macho.

Jeshi hutumia mambo hayo hayo kwa kazi zake. Kuna mwanga uninginiao kwa mwavuli mdogo angani, uangazao uwanja wote usiku. Kuna risasi zenye moto mgongoni, ili mpigaji aone ziendako. Kuna makopo ya moshi ya kuficha askari wasionekane. Kuna ishara nyekundu irushwayo na baharia aliye taabani ili meli nyingine zije kumwokoa. Na kwa ishara hiyo watu wengi wameokolewa baharini.

Lakini asidhani mtu kwamba jamaa hii ni mchezo. Magnesiamu iwakapo ina joto kali mno, wala maji hayaizimi, huizidisha. Kuna na fosforasi nyeupe, itumiwayo kwa moshi na kwa kuchoma. Hiyo hushika moto yenyewe ikigusana na hewa penye joto la kama nyuzi 30 za sentigredi, yaani joto la kawaida la mchana katika sehemu nyingi za nchi. Kipande chake chaweza kulala ndani ya tope kwa muda mrefu kikiwa kimezimika, kisha mtoto akichimba na hewa ikakifikia, huwaka tena mkononi mwake.

CHUMA KILICHOLALA

Sasa turudi kwenye ule mlango wa kiwashio. Si kila kombora lipigwalo hulipuka. Baadhi huanguka katika mchanga laini au tope, au kiwashio chake hukwama. Kombora la namna hii halifanani na lile lililo sandukuni ghalani. Lile la ghalani mlango wake umefungwa. Hili la porini limekwisha kupita mzingani, limekwisha kuzunguka hewani, na mlango wake huenda umekwisha kufunguka. Labda fataki yake imebaki pungufu ya pigo dogo tu. Pigo hilo laweza kuwa jiwe la mtoto, nyundo ya mnunua vyuma, jembe, au moto wa kuchoma nyasi.

Huenda mtu akasema: “Chuma kile kimeshika kutu, kimenyeshewa mvua miaka 20, kimekwisha kufa.” Maneno haya yameua watu wengi. Kutu hula chuma cha nje, haili TNT iliyo ndani. TNT haiozi upesi, wala maji hayaiyeyushi ila kidogo sana. Kuzeeka kwa kombora hakuondoi hatari. Mara nyingine huzidisha, kwa sababu sehemu zilizokuwa zikizuia fataki ndizo zinazoliwa na kutu.

Huenda mwingine akasema: “Babu alikikalia chuma kama hiki kwa miaka, na hakuna lililompata.” Jambo hilo laweza kuwa kweli, nalo halithibitishi kitu. Ngazi iliyooza yaweza kupandwa mara mia, ikavunjika mara ya mia na moja, na aliyekuwa juu siku hiyo hasaidiwi na mia zilizotangulia.

Ushahidi upo mbali na karibu. Katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa, wakulima hufukua makombora ya vita vya 1914 hadi 1918 kila mwaka walimapo, hata wenyeji wakayaita mavuno ya chuma. Mwaka 1914 vita vilianza. Mwaka 2014, miaka mia kamili baadaye, wajenzi wawili waliuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, na kombora la vita vile vile. Walioliunda na waliolipiga walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Hapa Kenya ushahidi uko Samburu na Laikipia. Katika sehemu za Archer's Post na Dol Dol kuna nyika zilizotumiwa na majeshi kwa miaka mingi kwa mazoezi ya kupiga makombora na mabomu. Nyika hizo hizo ni malisho ya ng'ombe na mbuzi wa Wasamburu na Wamaasai. Wachungaji, na wengi wao watoto, waliokota vyuma vilivyobaki, wengine wakafa, wengine wakakatika mikono na miguu. Wazee wa huko walidai haki yao, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu zaidi ya 200 fidia ya kama pauni milioni nne na nusu. Fedha ilipokewa, lakini hakuna fedha iliyopata kuuotesha mkono uliokatika. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu huja daima baada ya mazishi.

HATA GHALANI KUNA HATARI

Isidhaniwe kwamba hatari iko porini tu. Baruti ya kusukuma, ile ya jamaa ya kwanza, ina tabia ya kuzeeka. Kidogo kidogo huvunjika yenyewe ndani na kutoa joto. Mafundi huichanganya na dawa ya kuituliza, lakini dawa hiyo nayo hupungua miaka ipitapo, na joto la nchi huiharakisha kupungua. Kwa hiyo baruti ya zamani yapasa kupimwa kila baada ya muda, na ile iliyochoka kuharibiwa kwa mpango. Yapasa vile vile ghala liwe mbali na nyumba za watu, na vitu vya jamaa mbalimbali visirundikwe mahali pamoja, ili kimoja kikiwaka kisiamshe vingine.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walionja uchungu wa mambo ya maghala. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lilishika moto Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 lingine likashika moto Gongo la Mboto. Makombora yaliruka na kuangukia mitaa ya watu. Katika kila msiba watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wengi walijeruhiwa, nyumba zilibomoka, na watoto walipoteana na wazazi wao. Mji ulikuwa umekua na kuyafikia maghala, wala kombora likiruka halichagui la kambi na la raia.

PANYA WA MOROGORO

Yafaa kusema pia habari ya matumaini, nayo yatoka karibu. Mjini Morogoro, Tanzania, penye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa TNT ardhini. Panya huyu ana pua kali, na ni mwepesi, kwa hiyo akikanyaga bomu lililotegwa halilipuki. Akinusa harufu hukwaruza udongo, naye hupewa kipande cha ndizi. Mtu mwenye chombo cha kutafuta chuma hukisimamia kila kipande cha msumari na kopo. Panya huvipita, kwa kuwa yeye hutafuta harufu ya kilipuzi peke yake.

Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyokuwa imejaa mabomu ya ardhini baada ya vita vya miaka mingi, na mwaka 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote yaliyojulikana. Mmoja wao, jina lake Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Cambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu Uingereza, naye alikufa kwa uzee mwezi Januari 2022. Mataifa mengi nayo yamekubaliana kuacha kabisa mabomu ya ardhini ya kuulia watu kwa mkataba wa mwaka 1997. Kenya iliuridhia mwaka 2001, na mwaka 2004 mkutano mkubwa wa mkataba huo ulifanyika Nairobi.

YAPASAYO KUFANYWA

Basi mtu afanyeje akikuta porini au shambani kitu asichokijua, kilicho kama chupa ya chuma, au yai la chuma, au kopo lenye mabawa, au nyaya zitokazo ardhini?

Kwanza, asimame. Asikiguse, asikipige teke, asikirushie jiwe, wala asikifunike. Asiwashe moto karibu, wala asivute sigara.

Pili, arudi kwa njia ile ile aliyojia, akikanyaga pale alipokanyaga, kwa maana kilipo kimoja vyaweza kuwapo vingi.

Tatu, akiwa mbali, aweke alama ionekanayo, kama mawe yaliyopangwa au kitambaa mtini, na awazuie watoto na mifugo wasipite.

Nne, ampashe habari chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, nao watawaita mafundi waliofunzwa kazi hiyo. Asikibebe kukipeleka kituoni kwa nia njema. Wako watu waliokufa wakiwa na nia njema.

Wanunuzi wa vyuma chakavu nao wana wajibu wao. Mtoto asingeokota kombora kama asingejua kwamba kuna mtu wa kulinunua. Mwenye mizani akikataa kununua chuma chochote chenye umbo la kombora, au ganda lisilojulikana kama ni tupu, atakuwa ameokoa roho ambazo hatazijua kamwe. Tena kuwa na vilipuzi pasipo leseni ni kosa la jinai katika sheria za Kenya, awe mtu ameviokota au ameviuza.

Walimu nao watafanya vema kuwaeleza watoto sababu, pamoja na makatazo. Mtoto aliyeambiwa “usiguse” tu hujaribu mgongo wa mzazi ukigeuka. Lakini mtoto aliyefahamu kwamba ndani ya chuma kile mna mdogo mwenye hasira, na nyuma yake mkubwa aliyelala, na kwamba mlango uliokuwa kati yao huenda umekwisha kufunguka, huyo hatakaribia, na atamshika mwenzake mkono asikaribie.

Moto ulimpa mwanadamu chakula kilichoiva na chuma kilichofuliwa, na baruti ilimpasulia milima. Vitu hivi havina wema wala ubaya wa moyoni, wala havina huruma; havijui kama vita vimekwisha, wala havijui umri wa mkono uvigusao. Ujuzi ni wa mwanadamu peke yake, na yampasa autumie kabla ya kunyosha mkono.